Nina S ya BAM: naweza kusoma bioinformatiki?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja mkoani Kagera, nina miaka 29, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Nimepata udahili wa shahada ya uzamili ya bioinformatiki katika chuo kimoja nchini Kenya, ila ufadhili bado sijapata. Sijawahi kuandika programu hata moja maishani. Kidato cha sita nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), na BAM, somo la hesabu za msingi, nilipata S, yaani nilinusurika kufeli. Kompyuta yangu ina memori ya GB 4. Kaka yangu, anayefanya kazi benki, anasema bora nisome kwanza shahada ya kompyuta, au nichukue kozi fupi ya sayansi ya data nitafute kazi ya mjini. Mume wangu hanizuii, ila anauliza nikimaliza nitaajiriwa kama nani. Je, niende au niache? Na nikienda, nianze na nini nisije nikaaibika darasani?"*

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umenipa habari za BAM, za kompyuta, za kaka na za mume, lakini hakuna mahali uliponiambia unataka kuchunguza nini. Nitalirudia hilo huko mbele, kwa sababu wengi wa wanafunzi niliowaona wakikwama hawakukwamishwa na hesabu. Walikwamia hapo.

Kwanza nimalizane na kaka yako. Ushauri wa kusoma shahada nzima ya kompyuta kabla ya kuigusa fani hii hutolewa kwa nia njema na watu wanaodhani kwamba lazima uwe mwanabiolojia kamili na mhandisi kamili wa programu ndipo ufunguliwe mlango. Mtu wa namna hiyo sijakutana naye bado. Darasani utawakuta waliotoka maabara, kilimo, mifugo, hisabati na kompyuta, na kila mmoja ana upande wake unaochechemea. Wa maabara huteseka muhula wa kwanza mbele ya skrini nyeusi ya Linux, mfumo wa kompyuta unaoamriwa kwa maandishi. Wa kompyuta huteseka baadaye, anapoambiwa aeleze kwa nini matokeo yake hayawezekani kibiolojia. Nimewafundisha wote, na ukinibana nitasema huyo wa pili ndiye mwenye safari ndefu zaidi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, yaani kuchambua data za biolojia kwa kompyuta, kwa mfano wa huko huko kwenu.

Dawa mseto ya malaria, yenye artemisinini ndani yake, unaijua. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda kumepatikana vimelea vya malaria vyenye badiliko liitwalo R561H katika jeni ya kelch13, na baadaye badiliko hilohilo likaonekana Kagera. Vimelea vyenye badiliko hilo huchelewa kuisha kwenye damu mgonjwa akitumia dawa zenye artemisinini. (Usiwatishe wagonjwa wako: kuchelewa kuisha si sawa na dawa kushindwa kutibu.) Maana ya R561H ni kwamba kwenye protini, nafasi ya 561, asidi amino ya arginini imebadilishwa kuwa histidini. Chanzo chake ni herufi moja ya DNA: palipokuwa na G pamekuwa A. Jenomu ya kimelea hicho, *Plasmodium falciparum*, ina herufi zipatazo milioni 23. Imewezekanaje kuiona hiyo moja?

Inaanza na kitu unachokifahamu kuliko mimi, tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio. DNA inatolewa na kupelekwa kwenye mashine, na mashine nyingi za leo haziwezi kusoma jenomu moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Husoma vipande vifupi, mara nyingi vya herufi kama 150, lakini husoma mamilioni. Fikiria muuza karanga aliyepata nakala 40 za gazeti moja la jana, akazikatakata zote kufungia karanga, kila nakala akaikata pengine. Wewe umepewa gunia la vile vikaratasi na unatakiwa ulirudishe gazeti. Ukiwa na nakala nzima ya gazeti hilo pembeni, kazi inawezekana: unachukua kikaratasi, unatafuta kinapofanana, unakiweka juu yake. Kwetu sisi nakala hiyo nzima ni jenomu ya rejea ya vimelea aina ya 3D7, iliyochapishwa mwaka 2002. Lakini kuna ukurasa wa matangazo unaorudia maneno yaleyale mara ishirini. Kikaratasi cha hapo utakiweka wapi? Jenomu ya kimelea hiki imejaa sehemu za namna hiyo, tena karibu asilimia 80 ya herufi zake ni A na T tupu.

Sasa tuseme umeshapanga, na kwenye nafasi tunayoitaka vimelala vipande 40. Vipande 38 vinasema G, viwili vinasema A. Ni badiliko, au ni mashine imekosea? Hapa ndipo BAM yako inapoingia, kwa hiyo vuta kiti. Tuchukulie mashine hukosea herufi 1 kati ya 1,000. Uwezekano wa kukosea mara mbili kati ya mara 40 ni kama 75 kwa 100,000. Ni mdogo sana, na ukiangalia nafasi moja tu ungeapa kwamba ni badiliko la kweli. Ila wewe hukuangalia nafasi moja. Umeangalia milioni 23. Zidisha: nafasi zaidi ya 17,000 zitatoa picha hiyohiyo kwa bahati tu. Hata ukisisitiza kwamba makosa yote mawili lazima yaangukie herufi ileile, bado utabaki na zaidi ya 5,000. Angalia kwa upande mwingine: kama vipande 10 kati ya 40 vingesema A, bahati peke yake isingeweza kueleza jambo hilo hata ukipima jenomu zote za mkoa mzima.

Hiyo ni hesabu ya uwezekano uliyofundishwa kidato cha sita. S yako inaniambia kwamba siku ya mtihani hukufanya vizuri. Haiwezi kuniambia kama umenielewa hapo juu, na nadhani umenielewa.

Tuendelee kidogo, maana utamu wenyewe uko hapa. Hivyo vipande 10 vya A dhidi ya 30 vya G ni nini? Kwa binadamu, mwenye nakala mbili za kila kromosomu, ungetegemea nusu kwa nusu, na 10 kwa 30 ingekutia shaka. Lakini kimelea cha malaria kikiwa ndani ya damu kina nakala moja tu. Kingetakiwa kiseme G yote au A yote. Aliyekaa kwenye maabara ya malaria hasiti hapo: mgonjwa ameumwa na mbu zaidi ya mmoja, au mbu mmoja amembebea mchanganyiko, na ndani ya damu yake kuna koo mbili za vimelea, moja ikiwa nyingi kuliko nyingine. Sasa sikia: GATK, programu itumiwayo sana kutafuta mabadiliko ya DNA, usipoigusa mipangilio yake huchukulia kwamba kiumbe unachokichunguza kina nakala mbili. Anayejua kompyuta tu ataiendesha ikamaliza bila kutoa onyo lolote, atapata faili safi, na majibu yatakuwa na kasoro. Kompyuta haikujua kwamba ilikuwa inasoma malaria.

Mimi mwenyewe nimeshaumbuka. Nikiwa mwanafunzi nilitoa taarifa kwamba sampuli zangu zote, kama sitini hivi, zina badiliko jipya kwenye jeni moja. Nilikuwa na grafu nzuri, rangi tatu. Fundi wa maabara, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa kwenye kikao, akauliza kwa upole, "Hii sampuli ya mwisho si ile 3D7 tuliyoiweka kama sampuli ya kulinganishia? Imewezaje kutofautiana na rejea iliyotokana nayo yenyewe?" Kimya. Kumbe kuna mafaili yanayohesabu nafasi kuanzia 0 na mengine kuanzia 1. Nilikuwa nimechanganya aina mbili, nikasogea herufi moja, na kuanzia hapo nilikuwa nasoma upuuzi. Wiki tatu za kazi zilikwenda na maji. Aliyeniokoa hakuwa anajua Python, lugha ya kuandikia programu, hata kidogo, ila aliijua sampuli yake.

Ndiyo maana sikuhurumii kwa kutokea maabara. Unajua sampuli ikicheleweshwa inakuwaje, lebo zinabadilishana vipi zamu ya usiku, na kwa nini nyuzi joto za friji huandikwa kila asubuhi. Nusu ya uchafu tunaohangaika nao kwenye kompyuta ulizaliwa huko.

Hesabu utakazohitaji kwa uzamili ni uwezekano na takwimu kwa kina, matriki kwa kiasi cha kuelewa grafu za mchanganuo, na fikra za algoriti, yaani kujua kwa nini njia moja inamaliza kwa dakika tano na nyingine haimalizi mpaka umeme ukatike. Ukitaka kwenda uzamivu na kubuni mbinu mpya wewe mwenyewe, badala ya kutumia zilizopo, hapo hesabu zitapanda kweli, na sitakudanganya kwamba S itatosha bila kurudi kukaa chini na vitabu. Hizo ni kazi mbili tofauti. Wanaobuni mbinu ni wachache, wanaozitumia kujibu maswali ya afya na kilimo ni wengi, na wa pili si wasaidizi wa wa kwanza.

Kuhusu kuandika programu: usianze kwa kozi ya miezi minane ya video. Anza na Linux, amri chache za kufungua, kuhesabu na kuchuja mafaili, kisha Python au R, moja tu, usizishike zote mbili kwa pupa. Kuna tovuti ya mazoezi iitwayo Rosalind, ya bure, na zoezi lake la kwanza ni kuhesabu A, C, G na T ngapi zimo kwenye kipande cha DNA. Lifanye leo usiku mtoto akilala. Litakuchukua saa moja au tatu, utachukia alama ya nukta pacha uliyoisahau, halafu litakubali. Ukimaliza mazoezi kumi ya mwanzo na bado unataka la kumi na moja, hilo ni jibu kuhusu nafsi yako ambalo mimi siwezi kukupa. Pia mtandao wa H3ABioNet, wa wataalamu wa bioinformatiki barani Afrika, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulianza mwaka 2016 kufundisha bure kozi ya utangulizi katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, na masomo yake yamewekwa wazi.

Na acha kutumia Excel kwa majina ya jeni. Sitanii. Excel ikiona SEPT2, lililokuwa jina la jeni moja, hudhani umeandika tarehe ya Septemba. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta makosa ya namna hiyo katika karibu moja ya tano ya makala za jenomiki zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri ikayabadilisha majina yenyewe.

Kompyuta ya GB 4 inatosha kujifunzia, haitoshi kwa tasnifu. Kazi nzito hufanyika kwenye seva za chuo au kwenye mfumo kama Galaxy, unaotumia kivinjari na kompyuta za watu wengine bure. Ukiweza kupata ya GB 8 au 16 iliyokwishatumika, vizuri, kwani jenomu ya kimelea ni ndogo na itachakatika humo. Kinachoumiza zaidi ni bando. Data ghafi ya mtu mmoja ni makumi ya gigabaiti, huwezi kuipakua kwa simu. Jifunze mapema kuiacha data ilipo na kupeleka amri huko.

Sasa turudi kwenye kile ambacho hukukiandika.

Uzamili katika vyuo vyetu kwa kawaida ni mwaka wa masomo darasani na mwaka wa utafiti. Mwaka wa kwanza watu hupita, kwa jasho lakini hupita. Mwaka wa pili ndio unaogeuka kuwa mitatu. Mwanafunzi anaahidiwa kwamba data "inakuja". Sampuli ziko kwenye friji, fedha za kuzisoma hazijatoka. Au data ipo lakini inamilikiwa na mradi wa nje, na makubaliano ya kuitumia hayajasainiwa. Au kibali cha maadili kiliombewa jambo jingine. Kwa Tanzania, utafiti wa afya unahitaji kibali cha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na data au sampuli zikivuka mpaka kuna mkataba wake. Wewe utakuwa unasoma Kenya ukitumia pengine data ya Tanzania. Hesabu miezi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo kipi, uliza msimamizi gani, na kabla ya msimamizi uliza swali gani. Unataka kujua kama vimelea vya wagonjwa wanaorudi na homa baada ya dawa ni vilevile vya mwanzo au ni maambukizi mapya? Usugu wa bakteria kwenye wodi za watoto? Selimundu? Chagua moja, liandike kwa sentensi mbili. Kisha mwandikie msimamizi na umuulize waziwazi: data ya swali hili ipo mkononi leo, au inasubiriwa? Ikichelewa, njia mbadala ni ipi? Mwanafunzi wako wa mwisho alimaliza kwa muda gani, na naweza kuzungumza naye? Msimamizi mzuri hatachukia maswali hayo. Akichukia, umejifunza jambo kwa gharama ya barua moja.

Njia mbadala ninayoipenda ni data iliyokwisha wekwa wazi. Mkusanyo wa MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa jenomu za malaria, uitwao Pf7, uliotoka mwaka 2023, una jenomu za vimelea kutoka sampuli zaidi ya 20,000 za nchi 33, na unaweza kuandika tasnifu nzuri bila kugusa sindano. Wapo maprofesa wanaodharau tasnifu za data ya wengine. Mimi sikubaliani nao. Tasnifu iliyokamilika ina faida kuliko sampuli zilizoganda.

Swali la mume wako ni la haki kuliko la kaka yako. Ukitafuta tangazo la serikali lenye cheo cha mtaalamu wa bioinformatiki, utatafuta sana. Kazi zipo, nyingi zikiwa ndani ya miradi: NIMR, Taasisi ya Afya Ifakara, TARI kwa upande wa mazao, KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) kule Kilifi, ILRI (mifugo) na icipe (wadudu) jijini Nairobi. Nyingi ni mikataba ya mwaka mmoja hadi mitatu, na mwaka 2025 Marekani ilipopunguza fedha zake za misaada na utafiti, tuliona jinsi mkataba unavyoweza kukatika katikati ya mwezi. Wewe, kama umeajiriwa serikalini, una kitu ambacho wenzako darasani watakionea wivu: nafasi ya kurudia. Usiiache. Muone afisa utumishi ana kwa ana kabla hujamjibu mtu yeyote, uulize masharti ya ruhusa ya masomo, yaandikwe. Kurudi hospitalini au kwenye maabara ya rufaa ukiwa ndiye unayeweza kusoma data ya mashine ambayo wengine wanaituma nje, hilo ni jibu la kumpa mume. Kozi fupi ya sayansi ya data si kitu kibaya, ila itakupeleka kushindana na vijana wa kaka yako huko benki, mahali ambapo miaka yako ya maabara haina thamani.

Kuhusu nje ya kanda nitakuwa mfupi. Uingereza uzamili ni mwaka mmoja na ni ghali bila ufadhili kama wa Commonwealth. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, linalowatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na penginepo kadhaa; lakini kila mahali utatakiwa uonyeshe fedha za kujikimu kabla ya viza. Marekani huingia uzamivu moja kwa moja ukiwa na shahada ya kwanza na programu nyingi za sayansi hukulipa posho, ila ni miaka mitano au zaidi, na una mtoto wa kumfikiria. Popote utakaposoma nje ya Tanzania, hakikisha mapema kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwamba shahada hiyo itatambuliwa. Kwa Kenya, uliza kama wanafunzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ada ya wenyeji, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa kusoma ndani ya kanda unaofaa kufuatiliwa.

Uamuzi wangu, kwa haya uliyoniandikia: fani inakufaa, mwaka huu haukufai. Usikope wala kuuza kiwanja kwa ajili ya udahili usio na ufadhili, usio na msimamizi, na usio na swali. Omba kuahirisha kwa mwaka mmoja. Ndani ya huo mwaka maliza mazoezi ya utangulizi, tafuta mradi wowote unaokusanya sampuli mkoani kwako ujitolee jioni hata kupanga mafaili yao, na panda basi mara moja uende ukaone maabara na seva ya chuo kwa macho yako, uongee na wanafunzi wa mwaka wa pili wakiwa wenyewe, bila mwalimu. Mambo ya familia, ya nani atabaki na mtoto na kwa muda gani, myazungumze nyumbani na wazee kabla ya barua ya ufadhili kufika, kwa sababu ikishafika huwa na siku chache za kujibu.

Barua ya kuahirisha iandike wiki hii. Vyuo vingi hutaka iombwe kabla ya usajili kufungwa, na baadhi huiita kujitoa kama hukusema chochote.